Ilipokuwa Bucha

Elirehema wa duka la vifaa, Levolosi,
amepanga vitatu juu ya kioo cha kabati
na kunitazama kama daktari wa meno:
"Chagua, kaka. Bei hazing'ati."

Zinang'ata. Hiki cha kwanza ni laki nne na ishirini,
kina gamba gumu kama la kobe, hakijali mvua,
unakigusa na glovu na kinaitika.
Laki nne na ishirini!
Hizo ni tairi mbili, cheni, bima ya mwaka,
na sare za Naishiye juu yake,
zote zinaning'inia kwenye usukani
pale mataa ya Sanawari, nyekundu ikiwaka,
na vijana wawili wanakuja wakipiga miluzi
bila kuitazama pikipiki.

Cha pili ni kishikio tu, elfu kumi na nane,
unabana simu yako mwenyewe kwa raba nne.
Tluway wa kijiwe cha Mianzini alikuwa nacho.
Injini ilitetema, ikatetemesha,
mpaka kamera ya simu ikapata kizunguzungu
na haikupona: katika picha za ubatizo
mwanawe ana vichwa viwili, padri vitatu.
Na saa saba mchana, jua likisimama juu ya Njiro,
kioo kinakuonyesha uso wako tu.
Uso wangu naujua. Natafuta nyumba.

Cha tatu hakina kioo. Kinakaa sikioni.
"La kushoto," Elirehema anasema,
"la kulia liachie malori."
Nikakijaribu hadi Kijenge.
Baada ya mita mia mbili, pinda kulia.
Kulia kulikuwa na mto Themi
na mama mmoja anafua blanketi.
"Umepotea?"
"Mimi sijapotea, mama. Huyu wa sikioni ndiye amepotea."

Miaka tisa nimeendesha mji huu bila chombo.
Nilielekezwa kwa mdomo na mdomo ukatosha:
ukivuka reli, ukiona ukuta wa bluu, uliza.
Lakini mteja wa siku hizi haulizwi.
Anatuma kinukta chekundu, anasubiri chipsi zake,
na kinukta kimetua katikati ya migomba,
mita mia tatu kutoka mlangoni pake.

Juzi usiku, Moshono, mvua ya Aprili,
dawa ya pumu ndani ya koti, kwapani,
simu ina asilimia nne.
Umefika, ikasema.
Nimefika wapi? Mbwa, tope, ua wa minyaa.
Nikapiga. Sauti ya binti,
na nyuma yake pumzi ya mtu mwingine, fupi fupi, ina filimbi:
"Rudi mpaka ilipokuwa bucha ya Kaaya, ndipo ushuke."

Ilipokuwa!
Bucha ile ilifungwa mwaka ule wa ukame.
Likaja kanisa la turubai, likahama.
Leo ni saluni.
Nilifika kwa dakika tatu.

Kwa hiyo leo nimerudi kwa Elirehema na swali moja:
kipi kati ya hivi kinakubali
nikitajie mahali kwa jina langu mwenyewe?
Akakuna kidevu. Swali hilo halipo kwenye boksi.
"Vyote," akasema mwishowe, "hata simu yako hiyo mbovu.
Watu hawaulizi tu."

Nimetoka na kishikio cha elfu kumi na nane.
Chini yake nimefunga kipande cha ndala kuukuu ya Naishiye
kipunguze mtetemo, na juu mfuko wa nailoni,
vyote vibaya kutazama, mwizi atanionea huruma.
Nimesimama kando ya barabara, glovu mdomoni,
naandika kwa kidole kimoja alama ya kwanza:
Ilipokuwa Bucha.
Ya pili: Mama Blanketi, Usipinde.
Ya tatu bado nafikiria,
na abiria amekwisha kupanda, ananigonga bega,
anasema twende, nitakuelekeza.